Joka Baba na Mwavuli Mweusi

"Moto upo, mbawa zipo, mkia upo, akili ndiyo hakuna!"

Tulinagwe aliegemeza simu yake kwenye boksi la mafuta ya nywele, akarekebisha kilemba, akaendelea kujirekodi. Duka lake la vipodozi pale mtaa wa Msasani, Tukuyu, halikuwa na mteja hata mmoja, maana ilikuwa inanyesha mvua ile isiyo na haraka ya kwenda popote. Muda kama huo Tuli aliutumia kwa jambo alilolipenda kuliko kuuza losheni, nalo ni kuchambua muvi.

"Haya wapenzi wangu wa Tuli na Muvi, leo nimewaletea Majoka wa Mlima Ukungu, sehemu ya pili. Katuni tamu, nisiseme uongo. Sehemu ya kwanza tulimwacha Ngurumo, yule joka kijana anayeogopa mvua, mnamkumbuka? Joka zima, linatema moto, halafu linaogopa kulowa kama kuku! Sasa huku kapata mchumba. Binti joka, anaitwa Samawati, kope ndefu mpaka unajiuliza huko mlimani anabandikiwa na nani."

Akacheka mwenyewe, akajifuta jicho.

"Tatizo ni baba mkwe. Joka Baba! Binti akitua mlimani, mzee anajificha nyuma ya mawingu. Binti akisalimia, mzee anageuza mgongo. Muvi nzima! Halafu mwisho kabisa eti ndiyo tunaambiwa alikuwa anampenda tangu siku ya kwanza, kumbe kule nyuma ya mawingu alikuwa anapuliza joto ili binti wa watu asilowe. Jamani! Nani anampenda mtu kwa kumkimbia? Hapo mmetudanganya. Katuni naipa nane, Joka Baba nampa sifuri. Na nyie mnaomjua Mzee Ambindwile wa njia ya Masukulu, basi mmeshamwona Joka Baba. Ndiye yeye, amekosa mkia tu!"

Akabonyeza, video ikaenda kwa watu.

Aliyasema yale kwa kicheko, lakini moyoni hakuwa anacheka. Mzee Ambindwile alikuwa baba yake Lugano, na Lugano ndiye mwanaume ambaye Tuli alikuwa anampenda hadi anasahau kufunga duka. Jumamosi ya wiki hiyohiyo wazee wa kina Lugano walikuwa waje kwa shangazi yake kujitambulisha. Na mzee mwenyewe, baba wa kijana, tangu mwezi uliopita alikuwa hataki hata kumwona Tuli kwa macho.

Simu ikaita kabla hajamaliza kupanga makopo. Alikuwa Lugano.

"Tuli, futa hiyo video."

"Salamu hakuna siku hizi?"

"Futa kwanza, tutasalimiana baadaye. Umemtaja baba! Umemtaja jina lake, mbele ya dunia nzima!"

"Kwani jina lake ni siri ya serikali?"

Lugano alikuwa mtu wa maneno. Kazi yake ilikuwa kutafsiri muvi kwenye banda la video pale mjini, ameshika maiki, anawasemea wahusika wote, wazee kwa watoto, na watu wanaacha luninga zao nyumbani kwenda kumsikiliza yeye. Leo sauti hiyohiyo haikuwa na mzaha hata chembe.

"Tuli," akasema, "mambo ya heshima unayafanyia vichekesho?"

"Heshima? Heshima ipi ya kumkimbia mtu? Nimekutana na baba yako njia ya Masukulu, nikasema shikamoo Mzee Ambindwile, kwa adabu zote. Akatupa kapu la magimbi akaingia kwenye migomba! Nikamfuata ili nimsaidie kubeba, akazidi kukimbia! Siku nyingine nimeingia mgahawani, akaacha chai yake inatoa moshi, akatokea jikoni. Jumapili tumeimba kwaya, nimegeuka tu, mzee huyo anatoka kwa mlango wa pembeni na mwavuli ameufungua humohumo kanisani!"

"Ndiyo! Sasa ulitaka afanyeje?"

"Ulitaka afanyeje? Lugano, unaniuliza hivyo?"

"Nakuuliza hivyo. Mzee anafanya yote hayo kwa ajili yako, na wewe unamfananisha na joka."

"Kwa ajili yangu! Basi nimeelewa. Na wewe unamuunga mkono."

"Kwa hili namuunga mkono, tena kwa mikono miwili."

Machozi yakamjia Tuli palepale, katikati ya losheni na mawigi. Alikuwa amejiambia kwamba mzee akimkataa, angalau kijana atasimama upande wake.

"Sikiliza, Lugano. Jumamosi msije."

"Unasemaje?"

"Umenisikia. Siolewi mahali ambapo nikiingia kwa mlango, mwenye nyumba anatokea dirishani. Mwambie baba yako asiendelee kulowa, nimemwachia barabara."

"Tuli, unajua unachokisema?"

"Najua."

"Sawa," Lugano akasema, na sauti yake ile ya kuchekesha mabanda ilikuwa imepasuka. "Kama mila za kwetu unaziona uchafu, sawa."

Simu ikakatika. Tuli hata hakusikia vizuri neno mila. Mtu akiwa analia masikio nayo yanalia.

Alifungua video yake ili ajifariji na komenti. Afadhali asingefungua.

"Dada umetisha, mkwe umemtaja mchana kweupe 😂😂"

"Yesu wangu, wameshaanza kuchangisha ng'ombe wa kumtuliza mzee?"

"Huyu si Mnyakyusa huyu, jina tu."

Hilo la mwisho lilimchoma. Ni kweli hakukulia huku Rungwe. Alizaliwa na kukulia Tabora, baba yake alikokuwa akifanya kazi, na nyumbani walisema Kiswahili tu. Kinyakyusa chake kilikuwa cha salamu na cha kuomba chakula. Alikuja Tukuyu kuanzisha maisha kwa shangazi yake, akaipenda baridi, akazipenda ndizi, kisha akaingia banda la video siku moja kukwepa mvua, akasikia sauti ya Lugano ikimsemea bibi kizee mwenye hasira, akacheka mpaka akakaa chini. Mambo yakaanzia hapo.

Ijumaa mchana shangazi Anosisye alirudi kutoka shambani na shehena ya ndizi mgongoni na kanga yake ikichuruzika maji. Hakuweka ndizi chini. Alisimama mlangoni nazo vilevile.

"Tulinagwe! Nasikia nini huko sokoni?"

"Shangazi, usianze. Nimeshalia vya kutosha. Wale watu hawanitaki."

"Watu gani?"

"Baba yake Lugano. Mzee Ambindwi..."

"Nyamaza!" Ndizi zikadondoka. Shangazi aliziba mdomo wa Tuli kwa kiganja chenye udongo. "Baba mkwe hatajwi! Nani alikufundisha kumtaja baba mkwe?"

Tuli akautoa ule mkono taratibu.

"Hatajwi kwa nini?"

Shangazi akavuta kigoda, akakaa, akashika kichwa.

"Baba yako hakukwambia?"

"Aniambie nini?"

"Nami nilijua ameshakwambia! Mungu wangu. Mwanangu, sisi huku mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Hawaketi pamoja, hawapishani njiani uso kwa uso, hamwiti jina. Ukimwona anakuja, unajifunika kanga, unageuka, unampisha. Naye akikuona, anakupisha. Ndiyo heshima yenyewe. Siku hizi wengine wameacha, lakini yule mzee ni wa zamani, hajaacha."

Tuli akajifuta udongo mdomoni.

"Lakini bado sijachumbiwa, shangazi."

"Hapo sasa! Kwa kawaida mtu husubiri mpaka posa. Yeye kajiwahi. Siku Lugano alipomtajia jina lako tu, mzee akaanza kujificha kwa furaha. Sokoni kote amewaambia, nina mkamwana, nina mkamwana. Mwenzio anakimbia mvua na matope wiki zote hizi, na wewe unamfukuza nyuma unamwita jina!"

Kwanza Tuli alicheka. Alimwona mzee wa watu akitimua mbio migombani, na yeye nyuma yake, shikamoo mzee, nisubiri mzee, nikusaidie kapu. Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha kicheko kikageuka kilio, kwa sababu alikumbuka chai iliyoachwa ikitoa moshi, na kwamba mtu mzima aliivumilia njaa yake akatokea jikoni ili kumheshimu yeye, binti wa kuja, muuza losheni. Hakuna mtu aliyewahi kumheshimu kiasi kile. Na yeye akampa sifuri.

"Shangazi, nimewaambia Jumamosi wasije."

"Basi nenda kawaambie waje! Umekaa hapo unanitazama mimi?"

Alimpigia Lugano, simu haikupokelewa. Akaandika, "Lugano naomba unisikilize, sikujua." Haikusomwa. Akatazama saa, akaelewa. Ijumaa alasiri banda limejaa, Lugano yuko kwenye maiki, na ubao wa nje tangu juzi ulikuwa umeandikwa kwa chaki: MAJOKA WA MLIMA UKUNGU, YA PILI.

Tuli akachukua kanga ya shangazi, ile kubwa ya kwendea msibani na harusini, akatoka mbio kwenye mvua.

Ndani ya banda watu walikuwa wamebanana kwenye mabenchi, makoti yanatoa mvuke, harufu ya mahindi ya kuchoma kila kona. Lugano alikuwa mbele pembeni ya luninga, maiki mdomoni, macho mekundu. Alikuwa anatafsiri, lakini hata mgeni angesikia kwamba leo hana raha.

"Huyo ndiye Samawati," alikuwa anasema kwa unyonge. "Anatua. Joka Baba kamwona. Joka Baba anasema, jamani nipisheni, mkwe wangu huyo."

Banda zima likaangua kicheko na kupiga miluzi. Tuli, aliyesimama mlangoni akidondosha maji, akasikia kwa mara ya kwanza jinsi ile katuni ilivyokuwa inachekesha. Wote humu walikuwa wanaelewa walichokuwa wanakitazama, isipokuwa mchambuzi.

Ndipo mtu mmoja akageuka akamwona, akakohoa kwa nguvu. Kikohozi kikapita benchi hadi benchi mpaka benchi la mbele, ambako mzee mmoja mwembamba mwenye koti la kanisani alikuwa ameketi, mwavuli mweusi umelala magotini. Mzee aliinuka kama aliyeitwa na askari. Kwa bahati mbaya mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na makreti ya soda. Njia ilikuwa moja tu, pale aliposimama Tuli.

Kicheko kikakatika. Kila mtu alikuwa ameiona ile video.

Tuli akasogea kando ya mlango. Akaikunjua kanga ya shangazi, akajifunika kichwa na uso wote, akageukia ukuta, akainama, akabana kabisa kwenye mbao ili njia iwe pana. Hakusema shikamoo. Hakusema jina. Alisimama vile akisikia nyuma yake hatua za mzee zikija polepole, zikasita kidogo, zikapita. Mlango ukalia. Mwavuli ukafunguka nje.

Benchi kwa benchi, watu walinyoosha shingo kumtazama Tuli.

"Eeh!" mama mmoja mchuma majani ya chai akapiga vigelegele kutoka benchi la nyuma. "Eeh, mkamwana huyo!"

Watu wakalipuka kwa makofi. Lugano aliiacha maiki ikining'inia, Ngurumo na Samawati wakabaki wanaongea Kiingereza chao peke yao. Akaruka mabenchi mpaka kwa Tuli.

"Tuli."

"Sikujua," Tuli alisema ndani ya kanga. "Naapa Lugano, sikujua. Nilidhani ananichukia."

"Hukujua? Na mimi nilidhani unatudharau!"

"Ungeniambia!"

"Mtu anaitwa Tulinagwe, shangazi yake ni Anosisye wa Msasani, nimwambie nini? Nilijua unajua!"

"Kila mtu alijua najua! Nimebaki mimi tu ndiye sijui!"

Walio karibu wakacheka, na Lugano naye akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Tuli akajifunua uso.

"Nipe maiki."

"Ya nini?"

"Nipe, Lugano. Nilikosea hadharani, nataka kurekebisha hadharani."

Alipita katikati ya mabenchi, nywele zimelowa, kope moja imebanduka, akaishika maiki kwa mikono yote miwili, Lugano akiwa kando yake. Kupitia upenyo wa mbao aliuona mwavuli mweusi nje, umesimama kando ya ukuta, hauendi popote. Akayageuza macho haraka.

"Wapenzi wa Tuli na Muvi," akaanza. "Juzi nilichambua hii katuni. Nilisema mwisho wake ni wa uongo. Nikauliza, nani anampenda mtu kwa kumkimbia? Leo nimejibiwa. Yuko mtu ananipenda hivyo, na simtaji jina. Ameacha chai yake kwa ajili yangu. Ameacha magimbi yake, ameacha mahubiri, amelowa mvua zote hizi za Tukuyu, na mimi nikampa sifuri. Uchambuzi wangu ulikuwa bure kabisa. Hii katuni ni ya kweli kuliko hata taarifa ya habari. Naomba anisamehe. Huyo nisiyemtaja, anisamehe."

Nje ya ukuta mtu akakohoa. Kisha sauti ya kizee ikapenya kwenye mbao, Kiswahili kizito cha mtu aliyezoea Kinyakyusa.

"Lugano!"

"Naam, baba!"

"Mwambie huyo, maneno yake ni masuri sana. Ndaga fijo. Mwambie mimi sina hasira. Joka mwenyewe nimemwona, ana heshima zake."

Banda likavunjika mbavu. Lugano akamgeukia Tuli, ambaye alikuwa amesimama mbele yake hatua moja, na kwa adabu zote akatoa ujumbe.

"Baba anasema maneno yako ni mazuri, asante sana, na hana hasira."

"Mwambie baba nashukuru sana."

"Baba! Anashukuru sana!"

"Nimesikia!" sauti ikajibu. "Muulise sasa. Kesho tuje, ama tusije?"

Lugano alimtazama Tuli, na uso ule uliozoea kuigiza wa kila mtu ukabaki kuwa wake mwenyewe, umejaa hofu. Aliichukua maiki mkononi mwa Tuli.

"Tuje au tusije, Tuli?"

"Njooni!" lilisema benchi la nyuma.

"Njooni!" likasema benchi la kati.

"Nyamazeni, sio nyie mnaoolewa!" Tuli akawakemea, machozi na kicheko vikichuruzika pamoja. Kisha akaivuta maiki karibu. "Njooni. Njooni mapema. Na mje wote, mvua inyeshe isinyeshe."

Mama wa majani ya chai alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Hata mwenye banda, mtu mgumu anayefukuza watu kwa kuongea, alisahau kufukuza. Ilibidi katuni irudishwe nyuma na kuanza upya, na safari hii Lugano aliitafsiri kwa sauti ambayo wenyeji wanaisimulia mpaka leo.

Wazee walikuja Jumamosi, wakala ndizi na nyama, wakasikilizana. Ndoa ilifungwa baada ya mavuno. Kanisani baba wa bwana harusi aliketi nyuma ya nguzo, akasikia kila neno bila kuona kitu, na waliokaa karibu wanasema alilia kuliko mama yake bibi harusi.

Ulipofika wakati wa zawadi, shangazi Anosisye alikuja mbele na kitu kirefu kimefungwa kwenye karatasi ya maua.

"Hii inatoka kwa mtu asiyetajwa," akasema. Tuli akafungua. Ulikuwa mwavuli mpya, mwekundu, mkubwa kuliko kawaida. "Anasema amechoka kujificha peke yake. Sasa mtajificha wote wawili, na wewe usilowe."

Tuli akaukumbatia ule mwavuli mbele za watu, na poda ya usoni mwake ikabaki imeganda juu yake.

Sasa ukipita njia ya Masukulu asubuhi ya mvua, unaweza kuwaona. Mwavuli mweusi unapanda na kapu la magimbi, mwavuli mwekundu unateremka kwenda kufungua duka. Wakikaribiana, miavuli yote miwili inashuka mpaka usoni, mmoja unaegemea migomba ya kulia, mwingine migomba ya kushoto. Siku moja, katikati ya kupishana, mwavuli mweusi ulisimama.

"Migomba," mzee aliiambia migomba, "hamjambo?"

Tuli alishtuka, kisha naye akaigeukia migomba ya upande wake.

"Migomba haijambo. Inamsalimia shikamoo anayeuliza."

"Marahaba. Enyi migomba, ile katuni ya majoka, sehemu ya tatu inatoka lini?"

"Wanasema mwishoni mwa mwaka."

"Joka Baba yumo?"

"Yumo, migomba. Safari hii anapata mjukuu."

Tuli akauweka mkono wake tumboni, akatabasamu peke yake chini ya kitambaa chekundu, maana hiyo habari alikuwa hajamwambia mtu ila Lugano.

"Mjukuu," mzee akarudia polepole. "Basi migomba, nauliza. Huyo mchambuzi wenu, safari hii Joka Baba anampa ngapi?"

"Migomba, mwambieni bado sijaitazama, lakini nimeshampa kumi."

Mwavuli mweusi ukatikisika kwa kicheko, ukaendelea na njia yake.